Tunaiitaje Dhambi Inayovunja Agano?



Tukikutana katika semina za ndoa tunapenda kuzungumza juu ya uaminifu. Ni neno tamu na hakuna anayelipinga. Mwezi huu tutazungumza juu ya kinyume chake, na hasa juu ya majina tunayokipa. Pengine msomaji atauliza, "Majina yana kazi gani? Dhambi ni dhambi, uiite utakavyo." Mimi nasema yana kazi kubwa. Nyumba nyingi hazikuvunjwa na tendo peke yake. Zilivunjwa pia na namna tendo lile lilivyotajwa baadaye: mkosaji akalitafutia jina dogo, aliyekosewa akatafuta jina la kuchoma, na msamaha ukakosa mahali pa kukaa katikati yao.

Sisi wa Eldoret tunajua mambo ya majina. Zamani mahali hapa paliitwa Sitini na Nne, kwa namba ya shamba lililokuwapo, na wazee wa Kikalenjin hadi leo husema Sisibo. Baadaye tukawa mji, na mwezi Agosti mwaka 2024 tukatangazwa kuwa jiji. Kwa muda huo wote mto Sosiani haukuhama hata hatua moja. Ndivyo ilivyo na dhambi: waweza kuipa jina jipya kila mwaka, nayo ikabaki pale pale inapopita.

MPANGO USIO NA MWENYEWE

Wengi wetu tunalikumbuka tangazo lililoonyeshwa katika televisheni mwaka 2013. Mwanamke aliyeolewa ana mwanamume mwingine, na rafiki yake anamshauri atumie kondomu. Nia ya waliolitengeneza ilikuwa kuzuia Ukimwi. Viongozi wa Kikristo na wa Kiislamu walilalamika, na mwezi Machi mwaka ule likaondolewa. Waliolitetea walisema kwamba maambukizi yameingia ndani ya ndoa, na katika hilo hawakusema uongo. Lakini mimi leo sitaki kurudia ule ugomvi wa kondomu. Nataka tuyasikilize yale maneno matatu ambayo sasa kila mtoto wa shule anayajua: mpango wa kando.

Yaseme polepole. Mpango ni kitu chema. Mtu mwenye mipango ni mtu wa maendeleo: ana mpango wa kujenga, mpango wa karo, mpango wa kununua ng'ombe wa gredi. Na kando ni pembeni, mahali pasipomzuia mtu kupita. Kwa hiyo jina lenyewe linatuambia kwamba jambo hili limepangwa vizuri, limewekwa pembeni, na halimsumbui yeyote. Ni jina la kumtuliza mtu dhamiri ili alale usingizi.

Ndugu zetu wa Tanzania wanasema kuchepuka, yaani kuiacha njia kuu na kushika njia ya pembeni, na mtu huyo wa pembeni wanamwita mchepuko. Tena kuna nyumba ndogo. Vijana wetu wa mjini wana kuhanya, na wana klande, neno walilolikata kutoka Kiingereza lenye maana ya jambo la siri. Wenye adabu zaidi husema "ametoka nje". Sasa yapange maneno hayo mbele yako uyatazame. Moja linataja mpango, jingine linataja barabara, jingine nyumba, jingine siri, jingine mlango. Hakuna hata moja linalomtaja mtu aliyeachwa nyumbani akingoja na chakula kinapoa. Ukiyasikia yote utadhani kwamba katika jambo hili kuna msafiri na safari tu, wala hakuna aliyeumizwa.

Hapa kwetu lipo pia neno linalojificha ndani ya desturi. Bwana aliyefunga ndoa kanisani anamweka mwanamke mwingine kule Turbo au Burnt Forest, na akiulizwa anajibu kwa sauti ya mzee wa ukoo, "Huyo si kimada, huyo ni bibi yangu wa pili." Ametoa hata mbuzi wawili. Ndugu yangu, mbuzi hawageuzi kitu. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inasema wazi kwamba ndoa ya Kikristo ni ya mke mmoja na mume mmoja, na aliye ndani yake hawezi kufunga nyingine wakati hiyo ipo. Na kabla ya serikali kuandika hayo, wewe mwenyewe ulikuwa umekwisha kuyatamka mbele ya altare.

WALE WANAOKIMBILIA KIINGEREZA

Waliosoma wana maficho mengine. Mambo yakiwa moto, mume na mke waliokuwa wakizungumza Kiswahili, au lugha ya nyumbani kwao, mara wanaruka kwenye Kiingereza. Lugha ya kigeni haiumi ulimi. Mtu ambaye hawezi kusema "nimezini" atasema kwa wepesi kwamba alikuwa na "affair". Lakini neno hilo kwa asili lina maana ya shughuli tu, jambo la kufanywa. Serikali ina shughuli zake, kampuni ina zake, na mume naye anadai alikuwa na yake. Jina ni jepesi kama karatasi.

Vijana hupenda "cheating". Hilo ni neno la chumba cha mtihani na la mchezo wa karata. Mwanafunzi akikamatwa na karatasi iliyofichwa ndani ya soksi, hilo ndilo kosa lake, na akikamatwa anafutiwa matokeo. Angalau neno hili linakiri kwamba kuna udanganyifu. Lakini linaifanya ndoa kuwa mchezo wenye kanuni, na anayecheza hujuta kukamatwa kuliko anavyojuta kukosa.

Hata hivyo Kiingereza kina maneno mazito pia, na ni vema tuyafahamu kwa sababu yanafundisha. La kwanza ni "infidelity". Ndani yake mna neno la Kilatini "fides", yaani imani, lile lile tunalolipata katika neno la Kiingereza la kumwita mtu asiye na imani. Waliolitunga waliona kwamba kutokuwa mwaminifu kwa mwenzi kuna undugu na kutoamini.

La pili ni "adultery". Hili linatoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuharibu kitu safi kwa kukichanganya au kukighushi. Wafugaji wa Uasin Gishu hawahitaji mwalimu wa Kilatini hapa. Mnajua yule anayeongeza maji katika mkebe wa maziwa kabla ya kuupeleka kwa chama cha ushirika. Maziwa yanabaki meupe. Mkebe unabaki umejaa, tena umejaa zaidi. Jirani akipita haoni tofauti. Lakini karani akitumbukiza kile kipimo cha kioo, kinazama chini kupita alama, na hapo maneno yanakwisha. Kwa Kiingereza maziwa ya namna hiyo yanaitwa kwa neno la ukoo huo huo. Je, nyumba zetu si hivyo? Kwa nje ni nyeupe. Jumapili tunakaa kwenye benchi moja, tunavaa sare moja siku ya harusi ya jirani, picha zinapendeza. Na ndani mna maji.

La tatu ni "betrayal". Asili yake ni neno la Kilatini la kukabidhi, la kumtoa mtu mikononi mwako na kumtia mikononi mwa wengine. Ndilo alilolifanya Yuda. Mzinzi naye humkabidhi mwenzi wake: anayakabidhi mambo ya chumbani kwa mtu wa nje ayacheke, anaikabidhi heshima yake kwa midomo ya majirani, na mara nyingine anaukabidhi hata mwili wake kwa ugonjwa. Neno hilo lina mtu ndani yake, mtu aliyetolewa. Hiyo ndiyo tofauti yake na mipango yote ya kando.

AMANA NA HIANA

Lakini kwa nini twende mbali? Kiswahili chetu kilikwisha kuyasema haya. Uaminifu, imani, amini na amana ni maneno ya ukoo mmoja, yote yametoka Kiarabu pamoja na ile "amina" tunayofungia sala. Amana ni kitu ulichopewa ukitunze, nacho si mali yako. Mwenzako anapokupa mkono mbele ya padri na mashahidi, anakuachia amana: mwili wake, siri zake, uzee wake. Naye anayekula amana ya mtu ana jina lake kwa Kiswahili, naye ni mhaini, na tendo lake ni hiana. Serikali hutumia neno hilo hilo kwa anayeiuza nchi yake.

Hebu tuwe wakweli kwamba hiana haianzi kitandani. Mume anauza ploti bila mkewe kujua. Mke anachukua mkopo katika kikundi na kumwambia bwana kwamba ni pesa za dada yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka idhini ya mwenzi kabla ya nyumba ya ndoa kuwekwa rehani, maana Bunge liliona familia zinavyolala nje kwa sababu ya sahihi moja. Nazo simu! Kuna namba zimeandikwa "Fundi Mabati" na "Agrovet", na yule fundi ana bidii ya ajabu, anauliza habari za mabati saa sita za usiku. Mambo haya si uzinzi, na tusiyaite hivyo. Ni hiana yake yenyewe, na mara nyingi ndiyo inayoizoeza mikono kazi ya kuficha.

Uzinzi wenyewe Kanisa linaueleza bila kuzunguka. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 inautaja katika namba 2380 na 2381, nayo inauita dhuluma. Tafadhali lishike neno hilo. Wengi tumefundishwa kuuona uzinzi kama uchafu wa mwili tu, kitu cha kuoshwa. Dhuluma lakini ina aliyedhulumiwa, na huyo haoshwi na maji ya mtu mwingine.

Mfalme Daudi aliligundua hilo kwa njia ngumu. Alikuwa amemchukua mke wa Uria na kumwua Uria vitani, na katika jumba lake mambo yalikwenda kama kawaida. Nabii Nathani hakuanza kwa kumtajia amri ya sita. Alimsimulia habari za tajiri mwenye kondoo wengi aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Daudi akawaka hasira, maana wizi aliujua kwa jina lake. Ndipo nabii akamwambia kwamba mtu yule ni yeye mwenyewe. Siku ile Daudi alimwona Uria kwa mara ya kwanza.

"SHETANI ALINIPITIA"

Sasa tuingie chumbani. Mke ameona ujumbe wa M-Pesa.

"Baba Kiprop, huyu unayemtumia elfu tano kila Ijumaa ni nani?"

"Mama Kiprop, usianze. Ni kitu kidogo tu kilitokea. Nadhani shetani alinipitia."

Tazama majibu yale. Kitu kilitokea, kama mvua inavyonyesha. Shetani alipita, kama matatu ya kwenda Kapsabet, na baba wa watu alikuwa amesimama tu kando ya barabara. Katika sentensi zote hamna "mimi". Ndugu wapendwa, shetani yupo na hatumtetei. Lakini shetani hana laini ya simu na hatumi pesa kila Ijumaa. Anayetaka kusamehewa lazima awe ndiye aliyetenda, maana hakuna awezaye kumsamehe mtu kwa ajili ya mvua. Aseme "nimezini". Aseme "nimekusaliti wewe". Ni maneno mawili matatu, na nimeona wanaume waliobeba magunia ya mahindi maisha yao yote wakishindwa kuyainua.

Na mama Kiprop? Kwake pia kuna mtego. Uchungu wake ni wa haki, na machozi yake hayahitaji ruhusa. Lakini kuna majina ambayo yakitamkwa hayarudi. Mwite mtu mbwa mbele ya watoto wake, na hata mkipatana watoto watabaki na yule mbwa. Tena tukumbuke aibu moja ya mila zetu. Mke akikosa anaitwa malaya hadi kaburini. Mume akikosa tunasema "ni mwanamume tu", na marafiki wanamnunulia soda. Katika sura ya nane ya Injili ya Yohane walimleta kwa Yesu mwanamke peke yake, aliyefumaniwa. Sheria ya Musa, katika Kitabu cha Walawi, ilikuwa imewahukumu wote wawili. Mwanamume alikuwa wapi? Bwana wetu hakumwita yule mama jina lolote baya, wala hakuliita tendo lake mpango. Hakumhukumu, na alimtaka asitende dhambi tena: dhambi ikabaki na jina lake, na mtu akabaki na lake.

KANISA LINASEMA NINI ALIYEKOSEWA AFANYE

Hapa uvumi ni mwingi, na wengine wanaambiwa mambo yasiyo ya Kanisa. Mahakama ya serikali, kwa sheria ile ya mwaka 2014, inaweza kupokea hata tendo moja la uzinzi kuwa sababu ya kuomba talaka ya ndoa ya Kikristo. Kanisa linafundisha kwamba ndoa halali ya wabatizwa iliyokamilishwa haivunjwi na uzinzi. Lakini halimlazimishi aliyekosewa kulala kitanda kimoja na aliyemdhulumu kana kwamba hakuna kilichofanyika.

Kanuni ya 1152 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 kwanza inamsihi sana aliyekosewa, kwa upendo wa Kikristo na kwa ajili ya familia, asikatae kusamehe. Inamsihi, haimpigi fimbo. Pili, kama hakusamehe, inampa haki ya kutengana na mwenzake, isipokuwa kama yeye mwenyewe alilikubali tendo lile, au alilisababisha, au naye alizini. Tatu, akijua habari na akaendelea kuishi na mwenzake miezi sita bila kulipeleka shauri kwa wakubwa wa Kanisa au wa serikali, inachukuliwa kwamba amesamehe. Na akijitenga mwenyewe, analo jukumu la kulipeleka jambo hilo kwa wakubwa wa Kanisa ndani ya miezi sita, nao watatazama kama inawezekana kumvuta kwenye msamaha. Kwa hiyo, mama, au baba, usikae miaka mitatu kwa wazazi wako ukimtegemea kila mtu isipokuwa padri wako. Mwone mapema.

Jambo hili lisipelekwe kwanza katika Jumuiya Ndogo Ndogo. Jumuiya ni njema kwa sala na kwa kumzika mtu, lakini siri ya kitanda ikishafika kwenye benchi la Jumuiya itafika sokoni kabla ya Jumapili. Mkosaji aanze na Sakramenti ya Kitubio, ambako siri imefungwa na haifunguliwi na mtu yeyote. Maungamo yanampatanisha na Mungu. Hayamwondolei deni lake kwa mwenzi, na namna ya kulilipa na azungumze na muungamishi wake, maana nyumba hazifanani.

Deni moja halingoji. Kama mwili umekwenda nje, wote wawili wapimwe virusi vya Ukimwi kabla ya kukaribiana tena. Mkoa wetu ulijifunza hilo kwa makaburi. Mpango wa AMPATH ulianzishwa mwaka 2001 hapa Eldoret na Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani wakati watu walipokuwa wakifa bila dawa, na wengi wamekuwa hai kwa sababu yake. Siku hizi mwenye virusi anayemeza dawa vizuri huishi miaka mingi na kulea watoto wake. Anayeficha ndiye anayeua. Kumwacha mwenzi wako aingie hatarini bila kujua, ili wewe usione haya, ni hiana ya pili juu ya ile ya kwanza.

Na aliyesamehe je? Asidhani kwamba amesamehe vibaya kwa sababu bado anaamka usiku akikumbuka. Msamaha ni uamuzi, na imani ni maziwa yanayoganda polepole. Mkosaji asidai kuaminiwa wiki ile ile kwa kuwa "nilishasema pole". Aiache simu mezani bila kuombwa. Aseme anakokwenda kabla ya kuulizwa. Afanye hivyo mwaka mzima, na mwaka wa pili.

MAZUNGUMZO YA NYUMBANI

Jioni moja mwezi huu, watoto wakishalala, zimeni redio na mkae wawili. Kila mmoja aulize: katika nyumba hii, ni neno gani linalotumika kulifanya kosa kuwa dogo, na nani hulitumia zaidi? Ni jina gani nililoitwa, au nililokuita, ambalo bado linauma? Je, iko amana yako yoyote, ya pesa, ya simu au ya moyo, ambayo nimeitumia bila wewe kujua? Anayesema asikatizwe hadi amalize. Na kama swali la tatu lina jibu zito kupita usiku mmoja, lisilazimishwe. Kesho yake mwende pamoja kwa padri, au aende kwanza yule mwenye jibu.